Hewa ya Ndani ya Nyumba: Tunavyoweza Kuwasaidia Wenye Pumu na Mzio



Katika kazi za afya tunazozifanya pamoja nanyi, fedha na nguvu nyingi zimeelekezwa kwenye maji, lishe, chanjo na vyandarua. Hayo ni mambo ya lazima na tutaendelea nayo. Lakini lipo jambo moja ambalo kamati nyingi bado hazijaliingiza katika mipango yao, nalo ni hewa tunayoivuta tukiwa ndani ya nyumba zetu. Mtu mzima hunywa maji lita mbili au tatu kwa siku. Hewa huvuta takriban lita 10,000. Maji yakiwa na tope, mtu huyaacha akatafuta mengine. Hewa hawezi kuiacha hata kwa dakika chache.

Kwa mtu mwenye pumu, mafua ya mzio au pumu ya ngozi, jambo hili ni zito zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Katika vigango na mitaa yetu hali inajulikana: mtoto anabanwa kifua usiku, anapelekwa zahanati, anapewa dawa, anapata nafuu. Kisha anarudishwa katika chumba kilekile kilichombana. Wiki mbili baadaye yuko zahanati tena, na familia imeuza kuku mwingine kwa ajili ya nauli na dawa.

Makala hii inaeleza vitu vinavyochafua hewa ya ndani, namna ya kuvipunguza kwa gharama ambayo familia ya kawaida inaimudu, na nafasi ya kamati za parokia na wafadhili katika kazi hiyo.

MZIO NI NINI?

Jina la kitaalamu la mzio, yaani aleji, lilianza kutumika mwaka 1906, lilipobuniwa na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna, Austria. Maana yake kwa ufupi ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inakishambulia kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara. Matokeo yake ni chafya, kamasi nyepesi, macho kuwasha, ngozi kututuka, au njia za hewa kuvimba na kubana, na hiyo ya mwisho ndiyo pumu.

Ni vema kutofautisha makundi mawili ya vitu, kwa sababu namna ya kupambana navyo haifanani.

Kundi la kwanza ni vitu vinavyoleta mzio wenyewe: uchafu wa utitiri wa vumbi, mabaki ya mende, manyoya na mba za wanyama, mbegu za kuvu, na chavua za maua na nyasi. Vitu hivi humdhuru yule tu ambaye mwili wake umeshavikataa. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kulala kitanda kimoja, mmoja akaamka salama na mwingine akaamka anakoroma kifua.

Kundi la pili ni vitu vinavyowasha: moshi wa kuni na mkaa, moshi wa sigara, harufu kali za rangi na marashi, dawa za kupuliza. Hivi humdhuru kila mtu. Lakini mwenye pumu, ambaye njia zake za hewa tayari zimevimba, huumia mapema na huumia zaidi.

Familia nyingi hupambana na kundi moja na kulisahau la pili. Wengine huhamisha jiko nje, lakini mgonjwa anaendelea kulalia mto wa sufi wenye umri wa miaka kumi. Wengine hununua godoro jipya, lakini usiku huwasha dawa ya mbu chini ya kitanda.

ANZENI KWA KUMSIKILIZA MGONJWA

Kabla ya kununua chochote, familia ichukue daftari na kuandika kwa majuma mawili au matatu dalili zilitokea saa ngapi, wapi, na ni kazi gani iliyokuwa ikifanyika. Daftari hilo litaonyesha mahali pa kuanzia. Kwa mfano:

- Dalili zikizidi usiku wa manane na alfajiri, kagueni kwanza godoro, mto, blanketi na kitu chochote kinachochomwa chumbani.
- Zikizidi wakati wa kupika, tatizo la kwanza ni moshi.
- Zikizidi wakati wa kufagia au kukung'uta matandiko, tatizo ni vumbi.
- Zikizidi wakati wa masika, au katika chumba kimoja tu cha nyumba, tafuteni unyevu na kuvu.
- Zikipungua mgonjwa anapolala kwa ndugu na kurudi anaporudi nyumbani, basi chanzo kiko ndani ya nyumba yenu.

Daftari hili lipelekwe pia kwa mganga, kwa kuwa litamsaidia kuchagua tiba.

MOSHI WA JIKONI

Kwa sehemu kubwa ya waumini wetu hapa ndipo penye mzigo mkubwa. WHO inaeleza kuwa watu wapatao bilioni 2.1 duniani bado wanapika kwa moto wa wazi au majiko duni ya kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa. Mwaka 2020 moshi huo ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, chembechembe laini za moshi zinaweza kufikia mara 100 ya kiwango kinachokubalika.

Chembe zinazotajwa hapa ni ndogo mno. Zile za ukubwa wa maikromita 2.5 ni nyembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi. Pua haiwezi kuzikamata. Hupita hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo kujifunga kanga puani wakati wa kupika hakumsaidii sana mama mwenye pumu.

Hatua za kuchukua, kuanzia isiyo na gharama:

1. Mwenye pumu na watoto wadogo wasikae jikoni moto unapowaka. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto. Mama mwenyewe akiwa ndiye mgonjwa, kazi ya jikoni igawanywe. Kina baba na vijana wa kiume nao washike mwiko.

2. Kuni zikaushwe vizuri na kupasuliwa vipande vyembamba. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Plastiki, matairi na mbao zilizopakwa rangi zisichomwe kamwe.

3. Maharage, makande na nyama ngumu vikishachemka kwa muda, sufuria ifunikwe na kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, ili chakula kiendelee kuiva kwa joto lake. Maharage yakilowekwa usiku kucha, muda wa moto hupungua zaidi. Mkitoa kwenye kapu, chakula kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

4. Jiko litengwe na vyumba vya kulala. Panapokuwa na jiko la ndani, pafunguliwe matundu mawili yanayoelekeana, moja chini na jingine juu karibu na paa, ili moshi upande na kutoka.

5. Lijengwe jiko banifu la udongo lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa. Bomba lisafishwe masizi mara kwa mara; likiziba, moshi wote hurudi ndani.

6. Familia inayoweza ihamie kwenye gesi, biogesi au umeme. Wenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofugwa bandani wanaweza kufikiria mtambo wa biogesi. Walio na umeme wapime gharama ya jiko la presha la umeme, kwa maana hupika maharage kwa umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kamati ziulize halmashauri zao mpango huo umewafikia vipi.

Tunatoa tahadhari tatu. Ya kwanza ni kuhusu mkaa. Kwa kuwa hautoi moshi unaoonekana, watu huuona ni salama. Sivyo. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua. Kila majira ya baridi katika nyanda za juu zipo familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani, zinafunga mlango na kulala. Jambo hilo lisifanyike hata kwa saa moja. Ya pili ni kuhusu mafuta ya taa. WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2014 ilishauri yasitumike majumbani. Koroboi inayowaka karibu na mtoto anayesoma inamjaza masizi kifuani. Taa ya sola ni bora kwa macho na kwa mapafu. Ya tatu ni kuhusu gesi. Ni safi kuliko kuni, lakini nayo hutoa hewa ya naitrojeni dioksidi inayowasha njia za hewa, kwa hiyo dirisha la jikoni lifunguliwe wakati wa kupika.

VUMBI LA KITANDANI

Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walionyesha mwaka 1964 kwamba sumu kubwa iliyomo katika vumbi la nyumba inatokana na utitiri, mdudu wa jamii ya kupe mwenye urefu wa robo ya milimita hivi. Haonekani kwa macho, haumi wala hanyonyi damu. Anakula magamba ya ngozi yanayopukutika mwilini mwetu, na anapenda joto na unyevu. Kitanda kinampa vyote. Kinacholeta mzio hasa ni kinyesi chake na mabaki ya mwili wake, tunayoyavuta kila tunapojigeuza usingizini. Ukanda wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, utitiri hustawi sana.

Usichanganye utitiri huu na kunguni. Kunguni huonekana na huuma, na dawa yake ni nyingine.

Hatua za kuchukua:

- Shuka, foronya na mablanketi vifuliwe kila juma kwa maji ya joto lisilopungua nyuzi 60. Kwa kuwa wengi hatuna kipimajoto, changanyeni sufuria mbili za maji yaliyochemka na moja ya maji baridi, kisha nguo zilowe humo zikiwa zimefunikwa kwa nusu saa. Geuzeni kwa mti, si kwa mkono, na watoto wakae mbali.
- Godoro na mto vivalishwe kava lililofumwa kwa karibu sana au la plastiki, lililofungwa pande zote. Mito ya zamani ya sufi, pamba au manyoya ibadilishwe.
- Godoro litolewe juani mchana kutwa, likung'utwe nje, na mgonjwa asiwe ndiye anayelikung'uta.
- Chumba cha mgonjwa kisiwe ghala. Magunia ya mahindi na maharage, hasa yaliyotiwa dawa ya unga ya kuua wadudu, yahamishwe. Nguo zisizovaliwa zifungwe kwenye sanduku au mfuko. Zulia na mapazia mazito yaondolewe.
- Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Ya saruji ipigwe deki. Meza na madirisha vifutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia kavu na kupangusa kavu huliinua vumbi tu, nalo hubaki hewani kwa muda kabla ya kutua tena palepale.

Kuhusu sakafu ya udongo, wapo wanaosubiri hadi wapate saruji. Hakuna haja ya kusubiri. Sakafu iliyosiribwa vizuri na kurudiwa inapopasuka hutoa vumbi dogo zaidi kuliko saruji iliyobomoka.

UNYEVU NA KUVU

Madoa meusi au ya kijani yanayotokea ukutani baada ya masika ni kuvu. Mbegu zake huruka hewani na kuingia kifuani. WHO ilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na ulieleza wazi kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu hupata pumu na magonjwa ya njia ya hewa kuliko wengine.

Jambo hili halikuanza leo. Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinaeleza namna kuhani alivyokagua nyumba yenye mabaka ya kijani au mekundu ukutani: ilifungwa siku saba, ikakaguliwa tena, mawe yaliyoathirika yakatolewa na lipu ikakwanguliwa. Hakuambiwa apake rangi juu yake. Kanuni ndiyo hiyohiyo hata sasa: ondoeni chanzo cha maji kwanza, kisha ondoeni kuvu, ndipo mpake rangi.

Chanzo huwa ni bati linalovuja, mfereji uliokosekana nyuma ya nyumba, udongo uliorundikana ukutani, au nguo mbichi zinazoanikwa chumbani. Kwenye ukuta mgumu, kuvu kisuguliwe kwa maji na sabuni, kisha pakaushwe kabisa. Anayetumia dawa ya klorini afungue madirisha, na asiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Kazi hii isifanywe na mwenye pumu.

MENDE, PANYA NA MIFUGO

Kinyesi cha mende na mabaki ya miili yao ni chanzo kikubwa cha pumu, hasa mijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu watoto wa miji mikubwa ya Marekani ulionyesha kuwa wale wenye mzio wa mende waliolala katika vyumba vyenye mende wengi walilazwa hospitali mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Kinga yake ni chakula kufunikwa, vyombo kuoshwa kabla ya kulala, taka kutolewa jioni, na nyufa kuzibwa. Mitego na chambo ni bora kuliko dawa ya kupuliza, kwa sababu dawa ya kupuliza yenyewe humbana mwenye pumu. Chambo kiwekwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Kuku, mbuzi na paka wasilale katika chumba cha mgonjwa. Tunajua kwamba wengi huwaingiza kuku ndani kwa hofu ya wezi na vicheche. Hapo banda imara lenye kufuli linakuwa ni mradi wa afya sawa na dawa.

MOSHI TUNAOUWASHA WENYEWE

Dawa ya mbu ya kuchoma ni mfano mzuri wa nia njema yenye madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima dawa hizo kutoka China na Malaysia, ulionyesha kuwa duara moja likiungua lote hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Mtoto mwenye pumu aliyelala chumba hicho mlango ukiwa umefungwa amevuta moshi usiku kucha. Hatusemi mbu waachwe, maana malaria nayo inaua. Tunasema kitumike chandarua chenye dawa, na wavu uwekwe madirishani, ili dirisha liweze kufunguliwa bila kuogopa mbu. Wavu huo unafanya kazi mbili kwa gharama moja.

Udi na ubani kwa wenzetu wa pwani, marashi ya kupuliza, na sigara navyo viko katika kundi hili. Sigara isivutwe ndani hata mgonjwa akiwa hayupo, kwa kuwa moshi wake hubaki kwenye nguo na mapazia. Hata kanisani jambo hili lina nafasi yake: wenye pumu wapewe viti karibu na madirisha siku za kutumia uvumba, na kanisa lifagiwe kwa maji siku moja kabla ya ibada, siyo asubuhi ileile watu wanapoingia.

KWA NINI JAMBO MOJA HALITOSHI

Hapa tunaomba kamati na wafadhili watusikilize kwa makini, kwa sababu linagusa matumizi ya fedha zenu.

Nchini Uingereza watu wazima 1,122 wenye pumu walifuatiliwa kuona kama kava maalumu za matandiko zingewasaidia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa kava peke yake haikuwaletea nafuu zaidi ya wale waliopewa kava za kawaida. Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya watoto 937 wa miji saba ya Marekani. Hao walipimwa kwanza kujua kila mmoja ana mzio wa nini, kisha familia zao zikafundishwa kushughulikia vyanzo vyote kwa pamoja: matandiko, vumbi, mende, wanyama na moshi wa sigara. Watoto hao walipungukiwa na siku za kubanwa kifua, na nafuu iliendelea hata katika mwaka wa pili, baada ya mradi kumalizika.

Upande wa moshi nako kuna somo. Nchini Malawi familia zenye watoto zaidi ya 10,000 zilishiriki katika utafiti wa majiko yanayopunguza moshi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Majiko hayo hayakupunguza nichomi kwa watoto. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mtoto wa kijijini hakutani na moshi wa jiko moja tu. Upo wa jirani, wa taka zinazochomwa, wa sigara na wa koroboi. Zaidi ya hayo, katika miradi mingi jiko jipya huharibika, na familia hurudia mafiga matatu.

Somo letu ni kwamba kifaa kimoja kilichogawiwa bila mafunzo na bila ufuatiliaji ni fedha iliyopotea. Hewa ya nyumba husafishwa kwa hatua kadhaa ndogo zinazofuata ugonjwa wa mtu huyo, na kwa ujirani mzima kushirikiana, kwa sababu moshi hauna mpaka.

KAMATI ZA PAROKIA ZIFANYE NINI?

Tunapendekeza hatua hizi:

1. Kila jumuiya iorodheshe kaya zenye mtu mwenye pumu au mzio mkali, kwa ridhaa ya familia husika. Kaya hizo ndizo ziwe za kwanza.

2. Wachaguliwe watu wawili katika kila jumuiya, mwanamke na mwanamume, wafundishwe kukagua nyumba kwa kufuata daftari la mgonjwa. Ukaguzi usiwe wa kulaumu. Mama anayepikia ndani wakati wa mvua hafanyi hivyo kwa kupenda.

3. Siku moja kwa mwezi iwe ya kazi ya pamoja: kujenga jiko banifu, kutoboa dirisha, kuchimba mfereji, kusiriba sakafu ya mjane au mzee asiyejiweza. Mafundi mnao, udongo mnao.

4. Jumuiya ikubaliane kutochoma taka karibu na nyumba za wagonjwa, hasa jioni ambapo moshi hukaa chini.

5. Baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, ulizeni mambo matatu tu: mgonjwa amebanwa usiku mara ngapi, amekwenda zahanati mara ngapi, na mtoto amekosa shule siku ngapi. Andikeni. Taarifa hiyo ina thamani kuliko idadi ya majiko yaliyojengwa.

KWA WAFADHILI WETU

Tunashukuru kwa moyo wenu. Ombi letu ni kwamba mtuache tutumie sehemu ya fedha katika mambo ambayo hayapigwi picha nzuri: posho ya nauli ya wakaguzi, wavu wa dirisha, kava za magodoro, ukarabati wa majiko ya mwaka juzi. Jiko jipya linalokabidhiwa mbele ya umati lina mvuto wake, lakini jiko linaloendelea kutumika mwaka wa tatu ndilo linalookoa kifua. Aidha, tunaomba muda. Mabadiliko ya jikoni na chumbani hayapimwi kwa robo mwaka moja.

ANGALIZO KUHUSU DAWA

Haya yote hayachukui nafasi ya tiba. Mwenye pumu asiache dawa kwa sababu nyumba imesafishwa. Dawa za kuvuta ziko za aina mbili: ya kutuliza mtu anapobanwa, na ya kuzuia uvimbe ambayo hutumiwa kila siku hata mtu akijisikia mzima. Anayetegemea ile ya kutuliza peke yake na kuitumia mara kwa mara arudi kituo cha afya.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi kuwa ya kibuluu, au dawa ya kutuliza isipomsaidia, apelekwe hospitali mara moja, iwe mchana au usiku. Kamati ijue mapema nani katika kijiji ana pikipiki au gari, na namba yake iandikwe mahali panapoonekana.

Kamati zitakazopenda kuanza ziwasiliane na mratibu wa afya wa eneo lao ili mafunzo ya wakaguzi yapangwe. Si lazima kusubiri bajeti mpya. Kufua shuka kwa maji ya moto, kuhamisha magunia na kufungua dirisha ni mambo yanayoweza kuanza juma hili.